Kifaransa cha Paris, cha Québec, cha Kongo au cha Abidjan: wewe ujifunze kipi?

Katoni zilikuwa tisini na sita. Mteja wa Lubumbashi alinitajia idadi hiyo kwa simu, nami nimekaa na wakala wa forodha jijini Dar es Salaam aliyenikodi nimfasirie. "Nonante-six," alisema. Nilikuwa na miaka minne ya Kifaransa cha darasani, cheti ninacho, vitenzi nimevimeza vyote, lakini neno nonante sikuwahi kulisikia. Nilivyofundishwa mimi, tisini ni quatre-vingt-dix, yaani ishirini nne na kumi juu yake. Nikamwomba arudie, akarudia. Nikamwomba tena, akaniandikia ujumbe: 96. Tangu siku hiyo, kijana akinijia na swali la "Kifaransa nisome au niache?", humuuliza kwanza: cha wapi?

Anayesoma ili auze bidhaa Kasumbalesa, mpakani mwa Kongo na Zambia, anayesoma ili ahamie Kanada, na anayetaka kuketi kwenye kibanda cha wakalimani Arusha, wote watatu huingia darasa moja na kununua kitabu kimoja. Baada ya miaka miwili, wawili kati yao hugundua kwamba walichofundishwa sicho walichokihitaji kwanza. Nimewaona wengi, na huniuma, kwa sababu ada hairudi wala muda haurudi. Ndiyo maana nimeviweka hapa Vifaransa vinne bega kwa bega: cha Ufaransa, ambacho nitakiita cha Paris kwa ufupi, cha Québec, jimbo la Kanada linalotumia Kifaransa, cha Kongo ya Kinshasa, na cha Abidjan, jiji kubwa la Kodivaa.

Lugha ni moja, tusidanganyane. Ripoti ya mwaka 2022 ya OIF, shirika linalounganisha nchi zinazotumia Kifaransa, ilikadiria wasemaji milioni 321 duniani, na zaidi ya nusu yao wako Afrika. Wote hao wakiandika barua ya ofisi, wanaandika sarufi ileile na tahajia ileile. Hukumu ya mahakama ya Kinshasa inasomeka Montréal, na gazeti la Abidjan linasomeka Brussels. Tofauti zinaanza mdomoni, kwenye hesabu, kwenye salamu, kwenye majina ya vitu vya kila siku, na zinaishia kwenye cheti. Nitazipitia kwa mpangilio huo.

Hesabu

Paris, Québec na Abidjan huhesabu namna moja. Sabini ni soixante-dix, sitini na kumi. Themanini ni quatre-vingts, ishirini nne. Tisini na saba ni quatre-vingt-dix-sept, na mpaka ulimi ufike mwisho, anayesikiliza ameshaandika 80, akaifuta, akaandika 90, akaifuta tena.

Kongo haihesabu hivyo, kwa kuwa Kifaransa chake hakikutoka Ufaransa. Kilitoka Ubelgiji. Mfalme Leopold II aliishika Kongo kuanzia 1885, serikali ya Ubelgiji ikaichukua mwaka 1908 na kuitawala hadi uhuru wa 1960. Rwanda na Burundi nazo zilikuwa chini ya Ubelgiji hadi 1962. Wabelgiji husema septante kwa sabini na nonante kwa tisini, na majirani zetu hao watatu wamelibeba hilo mpaka leo. Themanini wameiacha ilivyo, quatre-vingts. Ni baadhi tu ya majimbo ya Uswisi, kama Vaud, yanayomalizia kazi kwa kusema huitante.

Kwa Mswahili, nonante inaingia kichwani bila kugonga mlango. Sisi tuna sabini, themanini, tisini, neno moja kwa kila kumi, na septante na nonante zimekaa vivyo hivyo. Ukizitumia Paris utaeleweka, ingawa watajua hukusomea kwao. Ukitumia quatre-vingt-dix Bukavu utaeleweka pia, maana wanaisikia redioni na kwenye filamu. Hatari iko kwenye kusikia. Kwa hiyo ushauri wangu kwa mfanyabiashara ni huu: zisikie zote mbili, sema moja, na kama wateja wako ni Wakongo au Warundi, sema ya kwao. Bei ikikosewa kwa ishirini, urafiki hauilipi.

Salamu na heshima

Hapa ndipo wanafunzi wetu wanapoifahamu lugha haraka kuliko walimu wanavyotarajia, kwa sababu tumelelewa na shikamoo. Paris ukiingia dukani bila kusema bonjour kwanza, hata kama una haraka na unataka tu kuuliza bei, umekosa adabu, na utahudumiwa kwa uso uliokunjwa. Mgeni hulalamika kwamba Wafaransa ni wakali. Mara nyingi hakusalimu. Kisha kuna vous, "wewe" ya heshima, na tu, "wewe" ya mazoea: mtu usiyemjua, mkubwa wako, mhudumu wa benki, wote ni vous, mpaka mmoja apendekeze mwende kwenye tu. Mwenye kupendekeza kwa kawaida ni mkubwa.

Québec wanaingia kwenye tu mapema zaidi. Muuza duka anaweza kukuita tu siku ya kwanza na asiwe amekudharau hata kidogo. Ukisema merci, yaani asante, watakujibu bienvenue, neno ambalo Paris ni la kumkaribisha mgeni tu.

Kongo ni karibu na nyumbani. Mwanamume mtu mzima ni papa, mwanamke ni maman, hata kama humjui, na jina hufuata baadaye. Mswahili wa Kigoma au Goma hahitaji kufundishwa hilo. Ofisini ni kinyume chake, ni vyeo na adabu ya karatasi: Kifaransa cha ofisi za Kinshasa kina urefu na unyenyekevu ambao Mfaransa wa leo ameshauacha, na barua fupi ya moja kwa moja huko inaweza kuonekana ya kibri. Niliwahi kuandika moja ya namna hiyo, mistari minne, nikidhani naokoa muda wa mtu. Haikujibiwa. Nilipoiandika upya kwa salamu kamili na shukrani kamili, jibu lilikuja siku ileile.

Abidjan wana kitu ambacho Paris hawana kabisa, nacho ndicho kilichonifanya nikipende Kifaransa chao. Mtu akijikwaa, akifiwa, akichoka, akipoteza simu, wao husema yako. Ni pole yetu. Kifaransa cha Ufaransa hakina neno la pole. Wana désolé, lakini hilo ni la kuomba radhi, na bon courage, ambalo ni la kumtia mtu moyo. Wenyeji wa Kodivaa waliona pengo lilelile ambalo kila Mswahili anayejifunza Kifaransa huliona wiki ya kwanza, wakalijaza kwa neno kutoka lugha zao.

Sikio na ulimi

Kifaransa cha vitabuni ni cha Paris, lakini Paris yenyewe haisemi kama kitabu. Je ne sais pas, "sijui", inakuwa chais pas. Ne ya kukanusha inamezwa. Vijana hugeuza silabi, femme ikawa meuf, fou ikawa ouf. Mwanafunzi aliyemaliza kitabu kizima hutua uwanja wa ndege na kudhani amesomea lugha nyingine.

Québec ni kugumu zaidi kwa sikio geni, na sikio hilo huchukua miezi kuzoea. Mbele ya i na u, herufi t hutoka kama ts na d hutoka kama dz, hivyo tu inasikika tsu na dire inasikika dzire. Je suis inakuwa chu. Kuna pia -tu ya kuulizia ambayo haina uhusiano wowote na "wewe": C'est-tu loin? maana yake "Ni mbali?" Ukiitafsiri neno kwa neno utapotea. Watu wengi, Wafaransa wakiwa mbele, huikejeli lafudhi hii, na mimi nakataa kabisa kuifundisha kwa kejeli. Wakazi wa kwanza walivuka bahari karne ya 17, wakakatiwa njia na Ufaransa baada ya Waingereza kuishika nchi yao, na mengi yanayochekwa leo ni Kifaransa cha zamani kilichohifadhiwa.

Kongo ni raha ya msikilizaji wa Kibantu. Silabi zinatamkwa kila moja kwa zamu yake, r mara nyingi inaviringishwa kama yetu, na mwendo una nafasi ya kupumua. Wanafunzi wangu wanaopata shida na kanda za Paris nikiwawekea mahojiano ya Kinshasa hukaa wima ghafla: kumbe wanasikia! Nawaambia wasidhani ni Kifaransa cha chini. Kinshasa hutajwa mara nyingi kuwa jiji kubwa kuliko yote duniani miongoni mwa yale yanayotumia Kifaransa, kuliko hata Paris. Mtoto wa Kongo anakutana na Kifaransa darasani, mahakamani, kwenye matangazo ya serikali, kisha nyumbani na sokoni anarudi kwenye Kilingala, Kiswahili, Kikongo au Kiluba, lugha nne za taifa.

Abidjan kuna ngazi mbili. Kuna Kifaransa cha kazi, safi, kinachosikika benki na televisheni. Chini yake kuna cha mtaani, kinachodondosha le na la, vijineno vinavyotangulia nomino, kama vumbi na kufunga maneno kwa là, na chini zaidi kuna nouchi, lugha ya vijana iliyozaliwa mitaa ya jiji hilo miaka ya 1970 na 1980. Nouchi ni ndugu wa Sheng wa Nairobi kwa tabia: inachukua kila mahali na haiombi ruhusa. Neno lake s'enjailler, kujifurahisha, limekwisha kuingia kwenye kamusi za Ufaransa. Lakini usianze na nouchi. Haina darasa, na ukiisema vibaya mbele ya mkubwa unaonekana mhuni.

Maneno yanayotega

Dépanneur: Paris ni fundi anayekuja kulikwamua gari lako barabarani, Québec ni duka la mtaani la kununua maziwa usiku. Char: Québec ni gari la kawaida, Paris ni kifaru cha jeshi. Gosses: Paris ni watoto, kwa mazoea. Québec ni korodani. Hilo la mwisho nalitaja wazi kwa sababu baba mmoja anaweza kujikuta akijieleza kwa mwajiri wake kuhusu gosses zake watatu, na hakuna kitabu kitakachomwonya.

Mlo nao una mtego. Paris déjeuner ni chakula cha mchana na dîner ni cha usiku. Québec na Ubelgiji déjeuner ni kifungua kinywa, dîner ni cha mchana, souper ni cha usiku. Ukialikwa dîner, uliza saa.

Kongo hubeba maneno ya Kibelgiji ambayo mtu wa Paris huyakunjia uso: minerval ni ada ya masomo, bourgmestre ni mkuu wa manispaa, humanités ni sekondari. Mwanafunzi wa Burundi akikuandikia kwamba amekosa minerval, anakuambia amefukuzwa kwa ada. Kisha kuna yale waliyoyatunga Waafrika wenyewe. Deuxième bureau, "ofisi ya pili", ni kile ambacho sisi tunakiita nyumba ndogo. Primature, ofisi ya waziri mkuu, linatumika Kinshasa na Dakar. Senegali wana essencerie, kituo cha mafuta, na Léopold Sédar Senghor, rais wa kwanza wa nchi hiyo, aliyatetea maneno ya namna hii hadharani. Mwaka 1983 alichaguliwa kuingia Académie française, baraza lililoundwa 1635 kulinda lugha, akiwa Mwafrika wa kwanza kukaa humo. Mtu akikuambia Kifaransa cha Afrika ni kosa, mkumbushe kiti hicho.

Jambo moja la Québec linanigusa kama Mswahili. Wamezungukwa na Kiingereza pande zote, wamekuwa wakiogopa kumezwa, na mwaka 1977 walitunga sheria, maarufu kama Sheria ya 101, iliyokifanya Kifaransa kuwa lugha ya kazi, biashara na alama za barabarani. Kibao cha barabarani ambacho Ufaransa kimeandikwa STOP, kwao kimeandikwa ARRÊT. Paris husema le week-end, wao fin de semaine. Paris husema mail, wao walieneza courriel. Sisi tuliotunga barua pepe na tarakilishi tunaijua kazi hiyo na tunajua jinsi inavyochekwa. Ukienda Québec ukamwaga maneno ya Kiingereza ndani ya Kifaransa kwa kudhani ndiyo usasa wa Paris, utawakwaza watu waliolipigania hili.

Cheti

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo pesa hupotea.

Kuna aina mbili za mitihani. DELF na DALF ni diploma za wizara ya elimu ya Ufaransa. DELF ina ngazi A1, A2, B1 na B2, DALF ina C1 na C2. Unachagua ngazi unayojiamini, unafanya sehemu nne (kusikiliza, kusoma, kuandika, kuzungumza), kila moja ina alama 25, na unafaulu ukifika 50 kati ya 100 bila kushuka chini ya 5 kwenye sehemu yoyote. Ukiipata ni yako maisha yote.

TCF na TEF ni vipimo. Havina kufaulu wala kufeli, vinakupima uko ngazi gani leo. TCF inatengenezwa na taasisi ya serikali ya Ufaransa, TEF na chemba ya biashara ya Paris. Zina matoleo ya Kanada, TCF Canada na TEF Canada, na matokeo yake kwa uhamiaji hudumu miaka miwili tu. Ukichelewesha faili, unalipa na kukaa tena.

Sasa sikiliza vizuri. Serikali kuu ya Kanada, katika Express Entry, mfumo wake wa kuchagua wahamiaji wenye ujuzi, haipokei DELF. Nimemwona mtu mwenye DELF B2 halali, aliyoipata kwa jasho, akiambiwa aanze na TEF. Kwa upande wa pili, jimbo la Québec linachagua wahamiaji wake wenyewe, na lenyewe hupokea DELF na DALF pamoja na vipimo vile. Ufaransa inapenda DELF: vyuo vikuu vyake vingi hudai B2, na sheria ya Januari 2024 imepandisha masharti ya wahamiaji, hivyo kuanzia 2026 kibali cha miaka kadhaa kinadai A2, kadi ya mkazi B1, na uraia B2.

Wengi hawalijui hili la Express Entry. Tangu 2023 Kanada ina uteuzi maalumu wa wanaojua Kifaransa, na sharti lake ni kiwango cha 7 cha NCLC, kipimo cha Kanada cha ngazi za Kifaransa, katika stadi zote nne, ambacho kinakaribiana na B2. Kwenye TCF Canada, kuandika kunaanzia alama 10 kati ya 20 kufikia hapo. Hata nje ya uteuzi huo, kiwango hicho huongeza pointi 50 kwa mwenye Kiingereza cha wastani, au 25 kwa aliye dhaifu. Lakini njia hii ni ya wanaokwenda majimbo yasiyokuwa Québec, kama Ontario, Manitoba na New Brunswick. Maana yake, Mtanzania au Mkenya anayejifunza Kifaransa "kwa ajili ya Kanada" mara nyingi ataishi mahali penye Kiingereza, na mtihani wake umetungwa Ufaransa. Hana sababu ya kuhangaika na lafudhi ya Montréal mpaka apate kazi huko. Ajifunze Kifaransa cha kawaida, kwa bidii, mpaka B2, ambayo kwa makadirio ya kawaida huchukua kati ya saa 500 na 650 za darasa. Masharti ya uhamiaji hubadilishwa mara kwa mara, kwa hiyo soma tovuti ya serikali yenyewe kabla hujamlipa wakala yeyote.

Kongo na Abidjan hazina mtihani wao. Mwajiri wa Lubumbashi atakusikiliza dakika kumi na kuamua. Cheti hakidhuru, lakini hakikufungulii mlango peke yake.

Arusha ni habari nyingine. Mahakama ya kimataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda iliyokuwa pale, iliyoundwa 1994 na kufungwa mwisho wa 2015, ilifanya kazi kwa Kiingereza na Kifaransa, na ililea wafasiri wengi. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iko pale hadi sasa, na Kifaransa ni miongoni mwa lugha zake. Kwa kazi hizo DALF C1 ni mwanzo tu, na sikio lako lazima liwasikie Msenegali, Mrundi na Mbelgiji ndani ya kikao kimoja.

Je, kitakuwepo kesho?

Nisilifiche hili. Mali kwa katiba yake ya Julai 2023 iliacha kukifanya Kifaransa kuwa lugha rasmi. Burkina Faso na Niger zikafuata, na Machi 2025 zote tatu zilitangaza kujitoa OIF. Rwanda ilihamisha shule zake kwenda Kiingereza kuanzia 2008. Mwenye kutaka kusema Kifaransa kinarudi nyuma Afrika ana mifano.

Lakini tazama upande wetu. Rwanda hiyohiyo bado inakitambua Kifaransa kisheria, na Louise Mushikiwabo, Mnyarwanda, ameiongoza OIF tangu 2019. Februari 2021 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki waliridhia Kifaransa na Kiswahili viwe lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Mwaka uliofuata Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ikaingia Jumuiya. Malori yanayotoka bandari ya Dar es Salaam kupitia Tunduma yanaelekea kwenye karatasi za Kifaransa, na hilo halibadilishwi na mapinduzi ya Bamako, Mali.

Basi uchukue kipi?

Kama riziki yako iko Dar, Kigoma, Mombasa au Kampala, na unashughulika na mizigo, hoteli, hospitali au simu za wateja, chukua cha Kongo, bila kusita. Hakina kitabu chake, kwa hiyo jiandikishe darasa la kawaida (Alliance Française ziko Dar es Salaam, Arusha, Nairobi, Mombasa na Kampala), kisha tafuta Mkongo au Mrundi wa kuzungumza naye mara mbili kwa wiki, na umlipe. Una faida ambayo mwanafunzi wa Ulaya hana: mkikwama, mtakutana kwenye Kiswahili.

Kama ni masomo Ufaransa au ukalimani wa mikutano, chukua cha Paris pamoja na DELF, ukiongeza masikio mengine polepole. Kama ni Kanada nje ya Québec, ni hichohicho, ila mtihani uwe TCF au TEF. Kama una barua ya kazi au chuo cha Québec mkononi, hapo anza kusikiliza Radio-Canada kila siku, miezi sita kabla ya safari.

Abidjan ningemshauri mtu wa benki na maendeleo, kwa kuwa makao makuu ya Benki ya Maendeleo ya Afrika yako huko, na yeyote anayetaka muziki na biashara ya Afrika Magharibi. Si lahaja ya kuanzia, ni ya kuhamia.

Na wewe wa Zanzibar, Mtwara au Tanga mwenye ndugu Ngazija: Komoro inafuata Kifaransa cha Ufaransa, na Mayotte imekuwa mkoa kamili wa Ufaransa tangu 2011. Lugha ya Kikomoro ni jirani wa damu wa Kiswahili, kwa hiyo huko Kifaransa utakitumia kwenye karatasi zaidi kuliko barazani.

Aliyebaki hajui aanzie wapi, afanye hivi kwa miezi mitatu ya kwanza, bila gharama. Asubuhi asikilize taarifa ya habari ya RFI ya Kifaransa rahisi, ile ya dakika kumi yenye maandishi yake, kwa sikio la Paris. Jioni afungue Radio Okapi, redio iliyoanzishwa Kongo mwaka 2002 na kutangaza kwa Kifaransa na lugha nne za taifa, Kiswahili kikiwemo. Asikilize habari kwa Kifaransa kwanza. Kila inapotajwa bei, umri au idadi ya watu, aiandike kwa tarakimu palepale. Kisha asikilize habari hizohizo kwa Kiswahili, kalamu mkononi, aone kama 96 aliyoiandika ni 96 kweli.